Jentiana Haina Mume

Kosa liko ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili, mstari wa nne kutoka chini, katika ile orodha ya mwisho ambayo wasomaji wengi huchoka kabla ya kuifikia. Kichwa chake ni Mimea ya Kuondolewa. Humo mwandishi ameweka mimea ambayo watu walidai inaota katika milima yetu ya Auvergne, naye akaikataa. Pameandikwa hivi: Vareri nyeupe. Imetajwa kuwapo Malacombe, kwenye mlima Peyrol, na mchimba mizizi mmoja, mwanamke asiyejua kuitofautisha na jentiana. Haipo.

Mchimba mizizi huyo alikuwa na jina. Aliitwa Apollonie Vidalenc, na pale kijijini Chassagnol walimwita Poloni. Alikuwa na miaka arobaini kitabu kilipotoka, mwaka 1889. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye vidole vya manjano visivyotakata hata kwa majivu, maana jentiana ina utomvu unaoingia ndani ya ngozi na kukaa. Tangu akiwa msichana alipanda mlima na uma wa chuma wa meno mawili, ule mzito unaokanyagwa kwa miguu yote miwili, akang'oa mizizi mirefu kama mkono wa mtu. Mizizi hiyo ilikaushwa, ikauzwa kwa watengenezaji wa pombe chungu inayoleta hamu ya kula. Hakuolewa. Alijua mambo machache, lakini aliyoyajua aliyajua kwa mikono, na ujuzi wa namna hiyo hausahauliki wala hauombi radhi.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mwalimu wa wasichana pale Chassagnol, na ndiye aliyemsomea mstari ule. Mengi ninayoyaeleza nimeyapata kwake.

Ili kuelewa kosa la kitabu lazima kwanza kulieleza kosa letu sisi, kwa sababu la kitabu lilizaliwa na letu. Juu kule Malacombe, kwenye malisho, huota mimea miwili inayofanana kama ndugu. Yote ina majani mapana yenye mishipa iliyonyooka, kama kitambaa kilichokunjwa kikapigwa pasi. Ya kwanza ni jentiana yenyewe, na inapofika umri wake hutoa maua ya manjano. Ya pili hukaa miaka na miaka bila ua lolote. Watu wa Chassagnol waliitazama hiyo isiyotoa maua, wakafikiri kama wafugaji wanavyofikiri: yenye maua ni jike, isiyo na maua ni dume. Wakaiita jentiana dume. Hawakujua kwamba ni vareri, sumu ambayo wachuuzi kutoka milima mingine waliiuza ikiwa unga wa kuulia chawa. Waliamini dume lina nguvu kuliko jike, kwa hiyo mtu akiwa mnyonge sana aliongezewa kipande cha dume katika divai yake.

Baba yake Poloni aliongezewa. Ilikuwa majira ya kuvuna nyasi, naye alikuwa amekosa hamu ya chakula kwa wiki mbili. Mkewe alimkatia mzizi wa jike, akaongeza wa dume kwa mapenzi. Kufikia adhuhuri alikuwa akitapika, kufikia jioni miguu yake ilikuwa ya baridi kama mawe ya kisima, na moyo wake ukapunguza mwendo hadi ukasimama. Majirani walisema dume lilikuwa kali mno kwa mwili uliochoka. Poloni alikuwa na miaka kumi na miwili. Alikwenda jikoni, akachukua vipande vilivyobaki mezani, akavivunja. Kimoja kilikuwa cha manjano ndani. Cha pili kilikuwa cheupe.

Tangu siku hiyo alisema, na hakunyamaza tena.

"Jentiana haina mume," aliwaambia watu kisimani, kanisani, na hata kwenye matanga. "Ile nyingine ni mmea mwingine kabisa. Ni sumu."

Unaweza kufikiria walivyomjibu, hasa miaka ilipopita naye akabaki bila mume.

"Poloni," mwenye nyumba ya wageni alikuwa akimwita kutoka mlangoni, "wewe mwenyewe umekosa bwana, sasa unataka kuyaachanisha hata majani?"

"Majani yana akili kuliko mkeo," alijibu. "Jike la jentiana lina mwenzake kwenye shina lake mwenyewe. Tazama: majani mawili mawili, yanakabiliana kama watu walioketi kula pamoja. Hiyo unayoiita dume, majani yake yanapanda moja moja, yanazunguka kama ngazi ya mnara wa kanisa. Na ukiligeuza jani lake, chini lina malaika, vile vinyweleo laini. Lipapase."

"Mimi nipapase malaika! Padre atanifukuza."

Watu wakacheka. Poloni akaondoka na uma wake begani, bila haraka, kama mtu anayejua kwamba mlima hauhami.

Bwana Sosthène Pradinas, mfamasia wa mjini, alikuwa akinunua kwake mimea ya dawa kwa miaka mingi, na alikuwa akiandika mwongozo wa mimea yote ya porini ya milima yetu. Alikuwa mtu mpole, mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, na ameupa mwongozo huo miaka thelathini ya maisha yake. Siku moja Poloni, aliyelipata jina la vareri kwa mchuuzi wa unga wa chawa, alimwambia dukani, "Bwana, vareri ipo Malacombe. Iandike, watu wasife." Pradinas alishangaa, maana hajawahi kuisikia upande ule, akaahidi kwenda kuona. Alikwenda kweli, mwezi wa Julai. Akafika Chassagnol, akapanga chumba katika nyumba ya wageni, na mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne likizo yake ilikuwa imekwisha. Kabla ya kupanda gari la farasi aliwauliza watu waliokuwa wakinywa divai pale ndani:

"Nyie wenyeji, juu kule Malacombe kuna vareri?"

"Vareri?" Wakatazamana. "Hapana, bwana. Hatujawahi kuiona. Kule kuna jentiana tu, dume na jike."

Pradinas akatabasamu. Dume na jike! Alijua vizuri kwamba ua moja la jentiana lina vyote viwili ndani yake. Akaona anaongea na watu wasiojua, na akahesabu kwamba yule mwanamke ni mmoja wao. Akashuka mlima, akaandika mstari ule. Hivyo ndivyo ujinga wetu ulivyoingia kitabuni ukavaa koti la elimu.

Kitabu kilinunuliwa na kila daktari, kila padre, kila shule. Pia kilinunuliwa na Bwana Estival, mfanyabiashara mnene aliyekusanya mizizi ya mlima mzima. Siku ya gulio la vuli Poloni alifika na magunia yake mawili, mizizi safi, iliyopanguswa udongo mmoja mmoja. Estival hakuyafungua.

"Siwezi, Poloni."

"Huwezi nini?"

"Siwezi kununua kwako. Kitabu kimesema."

"Kimesema nini?"

Estival alitazama huku na huku, kisha akasema kwa sauti ya chini kama anayetaja ugonjwa: "Kimesema kuna mwanamke mchimbaji ambaye hajui kuitofautisha jentiana na vareri. Hakikukutaja, lakini nani asiyejua kuwa ni wewe? Ni wewe peke yako unayepiga kelele za vareri. Wanunuzi wangu wakisikia nimechukua kwako, nimekwisha."

"Bwana Estival. Katika watu wote wanaokuletea mizizi, ni mimi peke yangu nisiyechanganya."

"Huenda. Lakini kitabu kimesema."

Jioni ile alikwenda kwa bibi yangu, akamwomba amsomee. Bibi akamsomea, mara moja kwa kasi, kisha tena taratibu. Poloni aliketi, mikono ya manjano juu ya magoti.

"Rudia neno la mwisho."

"Haipo."

"Haipo," akasema Poloni. "Sawa."

Jirani yake mmoja alijitolea kumsaidia: achimbe kama kawaida, mizizi iuzwe katika gunia la jirani, kwa jina la jirani. Poloni alimtazama kana kwamba amemwambia avue nguo sokoni. Akakataa. Akaanza kufua nguo za watu na kubeba kuni, lakini hakuacha kuchimba. Kila vuli alibeba magunia mawili hadi gulioni, akayaweka mbele ya mizani ya Estival, akasubiri. Estival alitikisa kichwa. Poloni akayabeba tena mgongoni, moja moja, akarudi nayo nyumbani akipita katikati ya watu wote. Dari ya nyumba yake ilijaa jentiana kavu, na harufu yake chungu ilishuka hadi njiani. Mwaka wa pili watu walicheka. Mwaka wa nne hawakucheka sana. Mwaka wa sita wengine walianza kugeuza nyuso alipokuwa akipita, kwa sababu kumwangalia mtu mkaidi muda mrefu kunachosha zaidi kuliko kuwa mkaidi.

Kisha bibi yangu alipata habari kwamba Bwana Pradinas anatayarisha chapa ya pili. Ingeingia mitamboni mwezi wa Oktoba, na baada ya hapo, kwa umri aliokuwa nao mzee yule, hapangekuwa na ya tatu. Mstari ule ungebaki ulivyo, milele. Poloni alisikiliza, kisha akauliza swali ambalo bibi hakulitegemea.

"Mwalimu, hizo alama nyingine kitabuni ni za nini? Kuna kitu kama mwiko uliosimama juu ya nukta. Kipo kila mahali, lakini kwenye mstari wangu hakipo."

Bibi alicheka, kisha akaacha kucheka. Ilikuwa alama ya mshangao. Alitafuta kurasa za mwanzo, zile za maelezo, akasoma: alama hiyo, ikiwekwa baada ya jina la mahali, maana yake ni kwamba mwandishi amefika pale mwenyewe na kuuona mmea ukiwa hai ardhini. Wataalamu wa mimea wana desturi hiyo. Ni kiapo chao.

"Tafuta Malacombe," Poloni akasema. "Popote ilipotajwa."

Waliketi mezani jioni mbili. Malacombe ilitajwa mara kumi na moja. Haikuwa na alama hata mara moja.

Mwezi wa Julai Poloni alitembea hadi mjini, mwendo wa siku nzima, na kikapu chenye mche mzima wa vareri, mzizi wake ukiwa umefunikwa kwa nyasi mbichi. Dukani mlikuwa na wateja wanne. Aliuweka mche juu ya kaunta ya marumaru, katikati ya vichupa.

Pradinas alivaa miwani. Hakuhitaji muda.

"Hii ni vareri," akasema. "Hilo halina ubishi. Umeitoa wapi?"

"Malacombe."

"Bi Vidalenc." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayempa mtoto dawa. "Mtu yeyote anaweza kubeba mmea ndani ya kikapu. Kule milima ya kaskazini imejaa. Mmea ninauona, mahali sipaoni."

"Ndiyo maana nimekuja. Njoo upaone."

"Nina miaka sitini na minane. Goti langu limekufa."

"Nina nyumbu."

Mteja mmoja alicheka. Pradinas akaanza kuurudisha mche kikapuni. Hapo Poloni akatoa kitabu cha bibi, kilichowekewa vipande kumi na kimoja vya uzi mwekundu, akakifungua mbele yake.

"Sijui kusoma, bwana, lakini najua kuhesabu. Mara kumi na moja umeandika Malacombe, na mara zote kumi na moja ule mwiko wako haupo. Maana yake hukufika. Si ndivyo?"

Pradinas alivua miwani.

"Basi nieleze, maana mimi ndiye mjinga wa kitabu. Umewezaje kuandika Haipo kuhusu mahali ambapo wewe mwenyewe hukuwapo?"

Mzee aliona haya, na haya ya msomi wa kweli ni kitu chenye nguvu. Alifunga kitabu polepole, akapitisha kidole juu ya nyuzi zile nyekundu.

"Nyumbu wako ni mpole?" akauliza.

"Kuliko mimi."

Wiki iliyofuata walipanda. Pradinas juu ya nyumbu, mkebe wake wa kijani wa kuhifadhia mimea ukigonga ubavuni, Poloni mbele ameshika kamba. Ng'ombe wekundu waliinua vichwa. Karibu na kibanda cha mawe ambamo wachungaji hutengeneza jibini alisimama Guiral, mchungaji mkuu wa Malacombe, mikono imelowa maziwa hadi kwenye viwiko.

"Poloni!" akapiga kelele. "Umepata mume mwishowe! Mbona umechagua aliyetumika hivyo?"

"Huyu si mume, Guiral. Huyu ni kitabu."

"Kitabu kinapanda nyumbu? Basi kina vitimbi. Bwana kitabu, karibu jibini!"

"Akirudi," Poloni akasema, na hakusimama.

Malacombe ni bonde lililoinama, lenye maji yanayochuruzika chini ya nyasi. Ng'ombe hula kila kitu pale isipokuwa mimea miwili: jentiana kwa uchungu wake, vareri kwa sumu yake. Ndiyo maana hiyo miwili ndiyo inayosimama, mamia kwa mamia, juu ya nyasi zilizolambwa hadi chini. Pradinas alishuka kwenye nyumbu akishikilia bega la Poloni. Alichechemea hatua tano. Kisha akapiga magoti, hata lile lililokufa, kwenye tope.

Mbele yake palikuwa na shina lenye majani yaliyopanda moja moja kwa kuzunguka. Aligeuza jani moja, akalipapasa chini kwa kidole gumba. Akasogea kwa magoti hadi kwenye shina la pili, la tatu, la kumi. Kulikuwa na vareri hadi kwenye miamba, zaidi ya alizowahi kuona mahali popote katika miaka thelathini. Baadhi zilikuwa na maua, mafungu ya kijani iliyofifia, ambayo watu wetu hawakuwa wamepata kuyatilia maanani kwa sababu ya rangi yake ya majani. Poloni alisimama nyuma yake na kamba mkononi. Hakusema nilikwambia. Alikuwa amesubiri miaka thelathini na minne, na nadhani maneno yote aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya siku ile yalikuwa yamechakaa.

Hatimaye mzee alitoa daftari na penseli, akaandika.

"Umeandika nini?" Poloni akauliza.

"Vareri nyeupe. Malacombe, nyingi mno. Na alama." Alimwonyesha. Ule mwiko ulisimama pale juu ya nukta yake.

"Na mimi?"

"Wewe vipi?"

"Katika kitabu cha kwanza nilikuwamo. Nilikuwamo kama mjinga. Katika hiki cha pili nimekwenda wapi?"

Pradinas alikohoa. "Ule mstari nitaufuta, bila shaka. Lakini jina... Kuna desturi, Bi Vidalenc. Majina yanayoingia ni ya wanachama wa chama chetu cha mimea, watu walio—"

"Mjinga hakuombwa uanachama."

"Nielewe, si mimi, ni desturi."

"Nimekuelewa." Akaanza kumgeuza nyumbu. "Huyu nyumbu ni wa nani?"

"Ni wako."

"Basi baki na madume yako, bwana. Guiral ana jibini."

Akaondoka. Hakuangalia nyuma. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya Peyrol, na mtu anayejua mlima ule angejua kwamba baada ya saa moja yangekuwa yameshuka. Mzee alibaki amepiga magoti katikati ya sumu yote ile, akitazama mkia wa nyumbu ukiteremka. Alijaribu kusimama, akashindwa, akajaribu tena.

"Bi Vidalenc!" Upepo ulipeleka sauti upande mwingine. Akaita kwa nguvu zaidi. "Bi Vidalenc! Vidalenc inaandikwaje?"

Poloni akasimama. Hakujua. Alikuwa amelibeba jina lile miaka arobaini na sita bila kuliona likitoka mkononi mwake.

"Imeandikwa chini kule," akasema mwishowe. "Nitakupitisha."

Akamrudia, akampandisha nyumbu, wakashuka huku ukungu ukiwafuata. Pale Chassagnol hakumpeleka kwenye nyumba ya wageni, ingawa watu walikuwa wamejaa mlangoni. Alimpitisha mbele yao, akafungua lango la makaburi, akaingiza nyumbu ndani, jambo ambalo padre angelikataza kama angeliona. Akasimama mbele ya msalaba wa mbao wenye herufi za bati. Pradinas, juu ya nyumbu, aliinama, akanakili herufi moja moja.

"Ni nani huyu?"

"Baba yangu."

Aliangalia miaka. "Alikuwa kijana bado. Alikufa kwa nini?"

"Kwa mmea ambao haupo," Poloni akasema.

Penseli ilibaki hewani. Kisha mzee akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, na safari hii aliuliza kama mtu anayetaka kujua: walikuwa wanaiitaje, na kwa nini, na waliinywaje. Poloni akamweleza yote, dume na jike na divai. Mzee aliandika hadi penseli ikaisha ncha, na Poloni akaichonga kwa kisu chake cha mizizi, akamrudishia.

Chapa ya pili ilitoka masika yaliyofuata, mwaka 1896. Ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili una sasa mimea mingine isiyokuwapo. Vareri imehamia mbele, ukurasa wa mia mbili na nane: Malacombe, nyingi mno (Apollonie Vidalenc)! Na chini yake: Wenyeji huiita jentiana dume na kuinywa katika divai, kosa lililokwisha kuua. Jentiana haina dume.

Pale kijijini hawakufurahi. Kijiji kizima kilikuwa kimeingia kitabuni kama wajinga, na safari hii mwenye jina alikuwa mmoja tu.

"Umetuaibisha duniani," mwenye nyumba ya wageni alimfokea. "Wenyeji! Sisi ndio wenyeji!"

"Hamkutajwa majina," Poloni alijibu. "Shukuruni. Nimewahi kukaa humo bila jina, najua kulivyo."

Vuli ile hakubeba gunia gulioni. Estival alisubiri hadi saa sita, kisha akapanda mkokoteni wake akaja mwenyewe hadi uani kwake, na nusu ya gulio ikamfuata kuona.

"Poloni, mpenzi, nimekuja kuchukua mizigo. Yote. Ya miaka yote."

"Kwa nini?"

"Si unajua. Kitabu kimesema."

Poloni alikuwa ameketi kizingitini. Alinyanyuka, akaingia ndani, akatoka na majani mawili mabichi nyuma ya mgongo.

"Fumba macho, Bwana Estival."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu ndipo uliponirudishia magunia. Fumba. Nyosha mikono."

Yule mnene akafumba, watu wakaanza kucheka. Poloni akamwekea jani moja kila mkono.

"Miaka ishirini unanunua jentiana. Ipi ni ipi?"

Estival alipapasa. Alinusa, akaambiwa asinuse. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Vidole vyake vyeupe vya mhesabu mizani vilipita juu ya jani, upande wa juu tu, kama wapapasavyo watu wote wasiojua.

"Hili," akasema, akiinua la kulia. "Hili ndilo jentiana."

Poloni akalichukua jani, akaligeuza juani ili watu wote waone malaika wake.

"Umekunywa, umekufa," akasema. "Rudi kesho."

Akarudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tatu aligeuza jani kwanza, akapapasa chini, akapatia. Poloni akamwonyesha ngazi ya darini.

"Panda ukachukue magunia," akamwambia. "Na ushuke nayo mwenyewe, mgongoni. Moja moja."